Kamba Mguuni

Sheria yetu ni moja, kongwe kuliko umeme:
mla cha mwenzie na chake huliwa.
Tuko mia mbili na kitu, hakuna anayemjua mwenziwe kwa sura.
Kuna Bundi, kuna Mzee wa Sinki, kuna Ghala Jekundu,
na mlango haufunguki kwa kubisha
mpaka mtu wa ndani akushike mkono.

Tunakula kikoa cha filamu zilizosahauliwa na waliozipiga:
mawaidha ya usalama kwa wachimba makaa,
mapenzi ya Kihangari yasiyo na mwisho
kwa kuwa mkanda wa mwisho uliliwa na panya.

Mimi nafagia shule usiku, hapa Moose Jaw, Saskatchewan,
ambako Januari mate huganda hayajafika chini.
Mchango wangu ulikuwa wa aibu: dakika sita
nilizookota stoo, nyuma ya magodoro ya sarakasi,
za kufundisha watoto kuvuka barabara.
Anayeigiza vizuri ni mbwa.

Kisha Oktoba, kwenye orodha:
*Kamba na Ngano*, 1959, dakika ishirini na mbili.
Tangazo la kampuni ya kamba za kufungia majani makavu.
Nusu imepigwa huku, nusu Tanga.

Nusu Tanga.
Nikakaa kitako juu ya ndoo ya deki.

Bibi yangu Nyamizi alifuata mume aliyekuwa manamba,
akasugua nyuzi za mkonge miaka tisa.
Alisema kuna Mzungu aliwahi kumpiga picha inayotembea,
akampa mche wa sabuni.
Ukoo mzima ulimcheka mpaka kaburini.

Filamu alikuwa nayo Ghala Jekundu peke yake.
Iliingia punje kwa punje,
kama siafu wanavyomhamisha panzi.
Asilimia tisini na sita.
Ikasimama.
Wiki moja. Wiki ya tano.
Nikaandika: Ghala Jekundu, hujambo?
Theluji ikapanda hadi kioo cha dirisha,
na mimi kila alfajiri, viatu bado miguuni,
naangalia kama tisini na sita imezaa.

Februari, saa tisa usiku, ikasogea.
Na chini yake maneno:
*Mimi ni bintiye. Mama, Oleksandra Hrynkiw wa Yorkton,
alitutoka kabla ya Krismasi.
Nimewasha mashine yake kutafuta hati za shamba.
Naona kuna mtu anangoja.
Sijui mnafanya nini humu,
ila nitaiacha iwake mpaka asubuhi.*

Dakika ya tisa.
Banda la brashi, vumbi jeupe, wanawake saba.
Wa nne anageuka.
Sekunde kumi na moja.
Ana paji la mama yangu, ana meno yangu yaliyopandana.
Anatutazama kama mtu aliyekatizwa hesabu,
anasema kitu,
na juu ya midomo yake mwanamume asiyeonekana
anaendelea kusifu uimara wa kamba.

Nimeirudia mara arobaini, sauti nimeizima.
Midomo inafungana mara moja, inafunguka.
Huenda ni jina. Huenda ni tusi.
Huenda ni sabuni.

Halafu picha inaruka: trekta, anga pana, mkulima kijana
anakaza fundo kwa goti
kwa kile alichokisugua yule,
hapa hapa, maili chache kutoka kitanda changu.

Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni.
Hawakusema nani aliisokota.

Yule binti amekwisha kuuza shamba, na mashine nadhani.
Nakala iliyo macho ni yangu.
Bwana Lindqvist, mwenye nyumba, ameleta bili ya umeme
akaigonga kwa kidole, mara mbili, bila neno.
Nimemwambia nitalipa. Sizimi.

Jana usiku mtu fulani, sijui wa wapi,
alianza kuvuta.
Asilimia nne.
Nikavua viatu.